Daktari wa mifugo: umwite siku ya ugonjwa, muandikiane ziara, au umtegemee mhudumu wa shehia?

Mwenye ng'ombe wawili wa maziwa kule Dole, mwenye mbuzi kumi na tano Micheweni na mwenye banda la biashara Fuoni, wote wa Zanzibar, wana swali moja: huduma ya afya ya wanyama waipate vipi, na faida ibaki? Jibu moja haliwatoshi, kwa sababu wanyama wao hawaangushwi na jambo moja. Ng'ombe wa kisasa huondoka kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, au kwa shida za uzazi, na huondoka haraka. Mbuzi hunyonywa na minyoo pole pole, mpaka mwenyewe aseme tu kwamba mwaka huu hawanenepi. Banda la biashara hupotezea fedha kwenye kiwele, wakati ng'ombe bado anakula na kucheua kama kawaida.

Njia zinazotumika ni tatu. Ya kwanza ni kumpigia daktari simu mnyama anapougua, ukamlipa kwa safari hiyo. Ya pili ni kuandikiana naye, peke yako au kwa kikundi, aje kwa ratiba, mgonjwa awepo asiwepo. Ya tatu ni kumtegemea mhudumu wa afya ya mifugo aliye kijijini, yaani wa shehia, pamoja na afisa mifugo wa serikali, daktari akabaki nyuma kwa mambo makubwa. Wapo watakaouliza kuhusu ya nne, ile ya kwenda duka la dawa, kusimulia dalili na kurudi na chupa. Hiyo siipimi hapa, kwa sababu hakuna mtu aliyemgusa mnyama.

Tujue pia tunazungumza na nani, maana kijijini kila anayeshika sindano huitwa daktari. Daktari wa mifugo ni aliyesomea shahada ya tiba ya wanyama, masomo ambayo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, huyafundisha kwa miaka 5. Afisa mifugo mara nyingi ana cheti au stashahada, na kazi yake ni pana: ushauri wa malisho, chanjo za serikali, vibali vya kuhamisha wanyama. Mhudumu wa afya ya mifugo ni mwanakijiji, aghalabu mfugaji mwenyewe, aliyepewa mafunzo mafupi ya kazi chache zilizo wazi. Wote watatu wanahitajika. Hasara huja pale mmoja anapofanya kazi ya mwenziwe.

Vigezo vya kupimia

*Saa.* Magonjwa hayana subira sawa. Ng'ombe aliyezaa jana akashindwa kusimama, shingo kaikunja ubavuni na masikio yamekuwa baridi, yaelekea ana homa ya maziwa: kalsiamu ya damu imeshuka, na asipotiwa nyingine kwenye mshipa, taratibu, na mkono unaojua, anaweza kufa ndani ya saa chache. Ndigana kali, inayoletwa na kupe wa kahawia wa masikioni, hukupa siku kadhaa, lakini za mwanzo ndizo zenye thamani. Tezi za chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, joto hupita nyuzi 40. Buparvakwoni, dawa ya ndigana, ikiingia wakati huo, matumaini ya kupona ni makubwa. Ukingoja mpaka mnyama apumue kwa taabu na povu limtoke puani, dawa ile ile haifui dafu. Kupandisha nako kuna saa zake: ng'ombe aliyeonekana na joto la kutaka dume asubuhi hupandishwa kwa mrija wa mbegu jioni ya siku hiyo, na ukimkosa unangoja siku 21 nyingine. Minyoo ya mbuzi ndiyo inayokupa wiki.

*Utambuzi.* Hapa visiwani kigezo hiki kina uzito wa pekee. Ng'ombe akikonda, ufizi ukapauka, wazee wengi Unguja hutaja ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na kwa miaka mingi walikuwa na haki. Lakini mbung'o wa Unguja aliondolewa kwa kuachia kutoka angani madume waliotasishwa kwa mionzi. Mbung'o wa mwituni wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na Pemba haikuwa na mbung'o kabla ya hapo. Kwa hiyo ng'ombe aliyepauka leo, isipokuwa kaletwa kutoka bara, ana sababu nyingine: ndigana baridi (nayo ya kupe, lakini si ile ndigana kali), minyoo, ugonjwa wa kupe wa kukojoa damu, au njaa tu ya kiangazi. Hakuna chupa moja inayotibu yote hayo. Kinachoyatenganisha ni tone la damu kwenye kioo na kinyesi kidogo chini ya hadubini. Basi kila njia niliulize: inafika maabara, kama ile ya mifugo ya Maruhubi, au inaishia kwenye kukisia?

*Fedha.* Nitaangalia jinsi zinavyotoka zaidi ya kiasi chake. Kuna zinazotoka kidogo kidogo, na kuna zinazotoka zote kwa pigo moja, tena mwezi ambao maziwa hayapo.

*Dawa.* Nani anachagua dawa, nani anapima uzito, na nani anakwambia siku ngapi usiuze maziwa wala nyama.

*Kinga na uzazi.* Chanjo, kupe, minyoo, mimba, ndama. Mambo ya siku ambazo hakuna mgonjwa.

Kumwita siku ya ugonjwa

Saa zako zinategemea daktari yuko wapi wakati huo. Ukiwa Nungwi na yeye yuko Makunduchi mkono ndani ya ng'ombe anayezaa, hutaruka foleni eti kwa sababu unamjua kwao. Pemba ni vigumu zaidi, maana daktari wa Unguja hawezi kupanda boti kwa mnyama mmoja na akafika kwa wakati. Anayechagua njia hii ahakikishe kuna daktari wa kisiwa hicho hicho, na awe na namba ya wa pili.

Utambuzi unaweza kuwa mzuri sana, kwa kuwa aliyekuja ni daktari mwenyewe. Upungufu ni kwamba anakutana na mgeni. Hajui ng'ombe huyu alizaa lini, alichanjwa nini, maziwa yalianza kupungua siku gani. Daftari hapo lina thamani kubwa, na kipimajoto pia. Ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.3, mbuzi juu kidogo. Ukipiga simu ukasema "ana 40.8 tangu asubuhi, tezi ya bega la kushoto imevimba, amezaa wiki tatu nyuma, hajapewa dawa yoyote," daktari ataondoka nyumbani na mkoba sahihi. Ukisema "hali majani," atabeba kila kitu na kukisia njiani.

Fedha hazitoki hata senti mnyama akiwa mzima, na hicho ndicho kivutio. Kisha zinatoka nyingi kwa siku moja: safari, kazi, dawa. Kinachonisumbua ni namna bei ya safari inavyomfanya mtu angoje kesho, na kesho ya ndigana ndiyo siku dawa inapoanza kushindwa. Simlaumu anayengoja. Nasema tu kwamba gharama ya kungoja iingizwe kwenye hesabu.

Kwenye dawa, kuna shinikizo ambalo wafugaji tunalileta wenyewe. Tumelipa safari, basi tunataka tuone sindano. Daktari mwaminifu akisema mnyama huyu anahitaji maji, kivuli na kuangaliwa mpaka kesho, tusimwone kama hakufanya kazi. Na akichoma dawa, asipande pikipiki kabla hajakutajia namba mbili: siku za maziwa na siku za nyama. Ziandike. Oksitetrasaiklini ya muda mrefu, antibayotiki ambayo karibu kila mkoba unayo, ina lebo nyingi zinazosema siku 28 kwa nyama. Kwa maziwa, tuseme lebo inataka siku 7 na ng'ombe anatoa lita 8: hizo ni lita 56 za kumwaga, na ni sehemu ya gharama ya matibabu. Inauma. Lakini maziwa yale yanakwenda kwenye chai ya watu na kwenye uji wa watoto, na kuchemsha hakuondoi mabaki ya dawa.

Kinga na uzazi ni kama havipo kwenye njia hii. Daktari aliyeitwa kwa jeraha la mguu hatapima mimba za wengine watatu usipomwomba. Mwombe, kwa kuwa safari umeshailipa.

Inamfaa mwenye ng'ombe wachache wa kienyeji waliozoea kupe wa eneo lao, anayekaa karibu na daktari, na mwenye jicho la kutambua ugonjwa mapema bila kusukumwa. Asiyekaa na wanyama wake kila siku asiitegemee.

Kuandikiana ziara

Hapa daktari anakuja kila mwezi, au kila baada ya miezi miwili au mitatu, na anawaona wanyama wakiwa wazima. Huo ndio msingi wake. Aliyemwona ng'ombe akiwa na afya ndiye anayejua leo kabadilika nini.

Saa za dharura hazijijazi zenyewe. Watu wengi huandikiana wakidhani ziara ya ratiba ni pamoja na kuitwa usiku, daktari naye anadhani sivyo, na mzozo huja siku ng'ombe anapokwama kuzaa. Andikeni: dharura inalipwa kivipi, ndani ya saa ngapi, na akisafiri nani anashika nafasi yake.

Utambuzi ndipo njia hii inapong'ara. Kiwele hupimwa kwa dawa ya kuchanganya na maziwa kwenye sahani yenye vyumba vinne, na chuchu yenye ugonjwa uliojificha huonekana kwa maziwa kuganda kama ute, wiki kadhaa kabla mkamuaji hajaona madonge. Mimba hupimwa kwa mkono kuanzia takriban miezi miwili, kwa hiyo hutalisha ng'ombe mtupu nusu mwaka ukidhani ana ndama. Ng'ombe akitupa mimba, daktari anayelijua banda hachukulii kuwa bahati mbaya tu. Atachukua damu kutafuta ugonjwa wa kutupa mimba, ule ambao humwingia binadamu kupitia maziwa mabichi na kupitia mikono mitupu inayoshika kondo la nyuma.

Fedha zinatoka kila mara, hata mwezi wa kiangazi maziwa yakipungua. Kwa mwenye ng'ombe mmoja mzigo huo mara nyingi haubebeki. Kikundi kinabadilisha hesabu, kwa sababu safari moja ya daktari hugawanywa kwa mabanda mengi ya shehia moja. Na kuna jambo jingine ambalo bila kikundi ni gumu kulipata. Chanjo ya ndigana kali ina vimelea hai, huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, na ikishayeyushwa haingojei kesho. Tena mrija mmoja hutoa dozi za ng'ombe wengi kwa pamoja, na kila mmoja huchomwa sindano ya oksitetrasaiklini wakati ule ule. Mwenye ndama mmoja hawezi kufunguliwa mrija peke yake. Kama chanjo hiyo itumike eneo lako ni uamuzi wa daktari na mamlaka ya mifugo, si wa duka, ila kikundi ndicho kinachoweza kukaa naye mkaizungumza kwa maana.

Vikundi navyo vina maradhi yao. Mmoja akichelewa kulipa, wengine hulegea. Mwenye ng'ombe watano hutaka alipe sawa na mwenye mmoja. Kabla ya kumwita daktari, kubalianeni kulipa kwa kichwa cha mnyama, mtu mmoja ashike fedha na mwingine ashike daftari.

Dawa hutumika kwa mpango: mnajua mapema ng'ombe gani anakaushwa, yaani anaachwa kukamuliwa, na kukausha kwa siku 60 kabla ya kuzaa ndio wakati wa kutibu kiwele bila kumwaga lita. Hata hivyo ziara haizuii kupe anayepanda Jumanne kama daktari alikuja Jumatatu. Kuogesha au kupaka dawa ya kupe, kukata majani mahali pasipolala ng'ombe wa wengine, na kumpa ndama dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) ndani ya saa sita za mwanzo, kiasi cha moja ya kumi ya uzito wake kwa siku ile ya kwanza, ni kazi za nyumbani. Asiyezifanya analipia ziara za kuhesabu hasara.

Inawafaa wenye ng'ombe wa kisasa wanaouza maziwa, vikundi vyenye uongozi unaoaminika, na mtu anayeishi mjini huku mifugo iko shamba chini ya kijana wa kuajiriwa. Huyu wa mwisho anaihitaji kuliko anavyodhani.

Mhudumu wa shehia na afisa mifugo

Kwa saa, hakuna anayemshinda mtu anayekaa nyumba ya nne kutoka kwako. Anakuja kwa miguu, baada ya alfajiri, kabla mbuzi hawajafungwa kamba malishoni. Anawajua wanyama wa kijiji na anajua nani kaleta mbuzi wapya kutoka bara.

Utambuzi wake una mpaka, na mhudumu mzuri anaujua mpaka huo. Lakini ndani ya mpaka anaweza kuokoa kundi zima. Chukua minyoo. Mnyoo mkubwa wa mbuzi, mnyonya damu wa tumbo la nne, huonekana kwenye jicho: unafunua kope la chini na kuangalia rangi ya ndani. Wekundu ni mzima, weupe yuko hatarini, na kuna kadi ya rangi tano ya kulinganishia. Anayevimba chini ya taya amefika mbali. Kwa kazi hiyo mhudumu hahitaji maabara. Anahitaji mwanga wa mchana na mazoea, na kila wiki mbili za masika apite kope kwa kope. Faida yake ni kwamba wanaopewa dawa ni wanaoihitaji tu. Ukiwanywesha wote kila mwezi, unabakisha minyoo sugu peke yake, na mwishowe dawa haifanyi kazi kwa mtu yeyote wa kijiji. Pia ni yeye atakayekwambia uhamishe kamba, maana mbuzi anayezunguka mti ule ule wiki nzima anakula mabuu ya kinyesi chake mwenyewe.

Fedha zinatoka kidogo na mara nyingi, na huduma za serikali kama chanjo za kampeni huja kupitia afisa mifugo. Msimchoshe mhudumu kwa "nitakupa nikiuza." Asiyelipwa huacha, na kijiji hubaki bila mtu.

Kwenye dawa ndipo ninapokuwa mkali. Mbuzi huvunja dawa nyingi za minyoo mwilini haraka kuliko ng'ombe, hivyo kipimo kilichoandikwa kwa ng'ombe au kondoo mara nyingi humpungukia. Albendazoli, mojawapo ya dawa hizo, haipewi mwenye mimba changa. Haya ni maelekezo ya daktari, mhudumu ayapate kwa maandishi. Antibayotiki zisiwe mkononi mwake bila daktari kusema nini, kiasi gani na siku ngapi.

Kinga anaifanya vizuri kwa upande wa kupe, kwato na minyoo. Kwa upande wa mimba na kiwele ni kidogo. Kazi yake kubwa ambayo haionekani ni kuripoti: mbuzi watatu wakiharisha na kukohoa, midomo ina vidonda, wiki moja, taarifa ifike kwa afisa mifugo siku hiyo hiyo, kabla sokoni hawajauzwa.

Inawafaa wenye mbuzi na kuku, wafugaji wa maweni na wa vijiji vilivyo mbali na barabara, na wanawake wengi wanaofuga karibu na nyumba na kutaka mtu wa kumwita bila kungoja ruhusa ya safari ya mjini. Sharti ni moja: mwulize mhudumu wako, "Ukishindwa, unampigia daktari gani?" Kama hana jibu, tafuteni daktari huyo pamoja kabla hamjaanza.

Kwa hali yako

Una ng'ombe mmoja au wawili wa kisasa na majirani nao wanao: anzeni kikundi, hata cha mabanda sita, na ziara ya kila miezi miwili. Huku mkijipanga, mwiteni daktari siku ya ugonjwa na msingoje kesho kwa homa ya nyuzi 40.

Una ng'ombe mmoja na huna jirani mfugaji: mhudumu kwa kazi za kila wiki, na daktari kwa kumwita mara mbili zilizopangwa, moja ya kupima mimba na moja karibu na kukausha.

Una mbuzi peke yao: mhudumu anakutosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Fedha za daktari zihifadhi kwa kifo kisichoelezeka. Mbuzi akifa ghafla, hasa damu ikimtoka puani au nyuma, usimchune wala usimpasue. Mpigie daktari au afisa mifugo kwanza.

Una banda la kuuza maziwa kwa hoteli au dukani: andikiana, na daftari la siku za dawa likae mahali mkamuaji analiona.

Unanunua mbuzi wa kunenepesha kwa Sikukuu ya Kuchinja: hapa changanya njia. Wageni wakae mbali na wa nyumbani wiki tatu, mhudumu awaangalie kope na kwato, daktari aje mara moja mwanzoni na matibabu yote yafanyike wakati huo. Kisha hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya Idi: ndani ya siku 28 za mwisho, dawa yenye lebo ya siku 28 isimwingie mnyama utakayemuuza. Akiugua katika siku hizo, atibiwe kama kawaida, atengwe, na abaki bandani mpaka siku zake ziishe, hata kama mnunuzi keshatoa fedha.